Mgeni Aliyeachwa Mvuani

Badria aliipua sufuria ya maji yanayochemka kwa mikono mitupu, akaibeba kutoka uani mpaka ukumbini, akaitua taratibu. Stella, jirani wa chumba cha pili, alikuwa ameketi hapo anapaka rangi picha ya twiga. Brashi ikamdondoka.

"Dada Badria! Mikono yako!"

Badria akaitazama. Viganja vyekundu, malengelenge yameshaanza kuinuka. Hakusikia kitu. Akajifuta kwenye kanga, akaenda kuchekecha hina.

Nyumba yenyewe, jamani, ilikuwa ya vyumba sita, uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, moja ya zile nyumba za Kiswahili zilizobanwa na maghorofa ya Kariakoo mpaka jua huingia kwa kuomba ruhusa. Kila chumba na fani yake. Stella, mtu wa Songea, anachora twiga na tembo. Wa mbele anadarizi magauni ya harusi. Wa uani anachonga vinyago, na nyundo yake haijui Jumapili. Badria ni mchora piko, na maharusi wa mjini wakimkosa hununa. Mumewe, Awadhi, ni mpiga ngoma. Ukitaka kimya pale, subiri ufe, na hata hapo msiba wako utafungiwa spika.

Kosa lilikuwa la Awadhi, tusimung'unye maneno. Marehemu mama yake alikuwa fundi wa kupunga majini, na alipokufa aliacha kinganga, ngoma ndogo iliyotundikwa ukutani chumbani mwao. Ngoma ya kupunga haiendi harusini. Hilo hata mtoto wa pale alilijua. Kila jini ana pigo lake. Ukilipiga anakuja, na akishakuja hufukizwa udi, hunyunyiziwa marashi, huagwa kwa adabu, ndipo pigo hukatwa. Sasa siku ya kigodoro cha mtaani, ngoma ya mkesha wa harusi, ngoma ya Awadhi ikapasuka ngozi shughuli imepamba moto. Yeye mbio nyumbani, akakitungua kinganga, akalipiga pigo alilokuwa akilisikia utotoni nyuma ya mlango wa mama yake. Wanawake wakapagawa, viuno vikazunguka, watu wakapiga vigelegele. Pigo halijafika nusu, mvua ikashuka kama imemwagwa na ndoo, kila mtu akashika njia yake, Awadhi na kinganga kwapani. Loo! Mgeni kaitwa, kaja, wenyeji wamekimbia mvua.

Tangu hapo chumba kikawa kinanuka marashi ambayo Badria hakuyanunua. Marashi na udi, lakini udi wenye unyevu, wa nguo iliyoanikwa ikanyeshewa. Awadhi aliisikia harufu ile akajifanya anatafuta chaja ya simu.

Ijumaa, adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na hata nyundo ya mchongaji imenyamaza, Badria alikuwa kitandani anakunja nguo za mwanawe, Najma, mtoto wa miaka sita, pale aliposikia kidole kimoja kinagonga kinganga ukutani, ndu, halafu ndu, polepole, kidole cha mtu anayekumbuka, na kila kilipogonga kelele moja ya nje ikazimika, kwanza pikipiki, kisha muuza maji, kisha redio ya jirani, mpaka ikabaki pumzi yake peke yake, nayo ikamjia ya mbali kana kwamba anayehema yuko nyumba ya pili. Alijua kwamba mtu mwenye akili zake angepiga kelele na kukimbia. Yeye akamalizia kukunja nguo.

Juma lililofuata simu ikalia kutoka Kilwa. Alikuwa amemshika bibi harusi mkono, anamchora ua la piko kwenye kiganja. Kaka yake ndiye aliyepiga, analia.

"Badria, mama ametutoka."

"Haya," Badria akasema. Akaweka simu chini, akamalizia ua.

Bibi harusi alikuwa amesikia kila kitu. Akaanza kumlilia yeye, machozi yanamdondoka mapajani.

"Usiloweshe piko, mwanangu," Badria akamwambia. "Haijakauka."

Walienda Kilwa, wakazika, wakarudi. Watu walimsifu kwa subira yake. Subira gani! Mama aliyemzaa amefunikwa udongo, naye anafikiria kama mlango wa choo ameufunga.

Jioni waliyorudi alimwita Awadhi uani. Akamnong'oneza, maana hata kunong'ona sasa kulimtaka nguvu.

"Baba Najma, ndani yangu kuna mtu anazima taa. Chumba baada ya chumba. Mama yangu ameshazimwa. Wewe nakutazama, najua ni mume wangu, basi. Amebakiza chumba kimoja tu, ndimo alimo Najma."

Awadhi akakaa chini kwenye sakafu. Akamweleza habari ya kigodoro na mvua, kila kitu, huku analia waziwazi, mwanamume mzima.

"Nimekuua kwa mikono yangu, mama Najma. Kesho namleta Bi Zamzam. Na mtoto aende Magomeni kwa dada yangu."

"Usimtoe Najma. Ukimtoa, hicho chumba kitazimika leo hii."

"Na asipotoka huyo mdudu?"

Badria akajifunga kanga upya.

"Tukishindwa, mtoto anaondoka," Awadhi akasema. "Nisamehe."

Bi Zamzam alikuja kesho yake alasiri. Alikuwa mwenzake marehemu mama yake Awadhi katika uganga, bibi mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo mama," Awadhi akasema.

"Marahaba. Mjinga wewe. Lete kinganga."

Akamketisha Badria mkekani, akamfunika shuka jeupe, akaweka chetezo mbele yake. Stella alisimama mlangoni ameshika rozari. Najma walimkalisha kwa mdarizi wa chumba cha mbele. Awadhi akaanza pigo, na moshi wa udi ukapanda ukajaa chumba mpaka dari likapotea, na katika moshi ule shuka likaanza kuvuta pumzi, likiingia na kutoka taratibu mno, kwa pumzi ndefu kuliko kifua cha binadamu, halafu sauti ikatoka chini yake, ya upole, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mliniita. Nikaja. Mkakimbia."

"Tumekosa, mgeni wetu," Bi Zamzam akasema, naye sauti imempungua. "Tuambie unachotaka, tukupe, uende."

"Sitaki kitu. Mtaa wenu una makelele. Nimetafuta pa kulala mtaa mzima, nimepapata hapa. Nazima, nazima. Sasa nalala vizuri."

Stella akaanza Salamu Maria kwa mnong'ono, akakwama katikati.

"Mpigie, mwanangu!" Bi Zamzam akamfokea Awadhi. "Pigo lote! Umalize!"

Awadhi akapiga mpaka vidole vikachubuka. Bi Zamzam akanyunyiza marashi, akamuaga mgeni kwa majina yake yote. Pigo likafika mwisho. Shuka likatulia. Akalifunua, akamshika Badria mashavu.

"Mama yako amefariki, binti yangu. Yuko kaburini Kilwa. Unasikiaje?"

Badria akatafuta ndani. Giza. Kimya cha kupendeza. Akageuka kwenye kile chumba kimoja cha Najma, na hicho nacho giza. Akaona uso wa Awadhi unamsubiri. Akakumbuka Magomeni, akakumbuka kwamba mtoto asichukuliwe, ingawa kwa nini asichukuliwe hakujua tena.

Basi akalia. Alikuwa amewaona wanawake matangani Kilwa, akafanya vilevile: akashika kichwa, akaita "Mama yangu wee!", akatikisa mabega.

"Alhamdulillahi!" Bi Zamzam akapaza sauti. "Katoka!"

Awadhi akaanguka magotini, Stella akapiga kigelegele, nyumba nzima ikajaa mlangoni, vilio na vicheko pamoja. Najma akapenya katikati ya miguu ya watu, akamrukia mama yake mapajani, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Mama, umepona?"

"Nimepona, mwanangu."

Badria akamzungushia mikono. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga mbiombio kwa furaha, anausikia hapa kifuani pake, pu, pu, pu.

Huyu naye ana makelele, akawaza.

Akaanza kumpigapiga mgongoni, polepole, ili anyamaze.