Udi wa Bi Elinori

Picha ya yule Mwingereza ilikutwa imegeuziwa ukutani. Tausi akaigeuza, akalaumu upepo, ingawa siku hiyo Ngamiani nzima ilikuwa ikijipepea kwa kanga. Wasomi wetu ndivyo walivyo: jambo likiwashinda, ni upepo.

Tausi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Kila Jumamosi alasiri majirani hukaa sebuleni kwake akiwasimulia maisha ya Bi Elinori, yule Mwingereza wa pichani, mwandishi wa riwaya wa enzi za Malkia Viktoria: alivyojipa jina la kiume ili asomwe, alivyoficha karatasi zake chini ya nguo alizokuwa akishona, jinsi moshi wa viwanda ulivyomuua dada yake. Hakujaliwa mtoto Tausi, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa yakimwamsha kitandani. Mwezi huo aliona Bi Elinori astahili heshima zaidi. Akatoa kabatini chetezo cha marehemu bibi yake, akafukiza udi chini ya picha; kesho yake ndipo picha ikakutwa imegeuka.

Jumamosi iliyofuata udi ulinuka nywele zinazoungua. Tausi alipofika kwenye jina la Bi Elinori, akafungua mdomo pasitoke kitu. Maneno mengine yote yalitoka, jina halikutoka. Kisha mtu akasonya, msonyo mrefu, karibu kabisa na sikio lake.

Wageni walipoondoka, Luqmani, mumewe, alimsogelea.

"Tausi, nani yule kasonya?"

"Umesikia na weye?"

"Nilidhani mama Brightness wa jirani."

"Mama Brightness hajaja leo," Tausi alinong'ona.

Magharibi, Luqmani akiwa msikitini, Tausi alisikia mtu anatembea ukumbini kwa mitalawanda, viatu vya mbao, ko, ko, taratibu, akapita mlango wa jikoni, akapita mlango wa chumbani, akaingia sebuleni alimokaa yeye peke yake, na ijapokuwa hakuonekana mtu, mitalawanda ilikuja hadi nyuma ya kiti chake ikasimama hapo, na pumzi ya joto yenye harufu ya udi ikamshukia shingoni, ukafuata msonyo ule ule, na mbele ya macho yake uso wa Bi Elinori pichani ukaanza kuchorwa masizi, jicho moja, jicho la pili, mdomo, mpaka ukafutika wote.

Kesho yake Luqmani alimleta Bi Zuwena, mganga wa Pongwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chetezo hiki umekitoa wapi?"

"Cha bibi yangu. Nilifukizia picha ile ya Bi Elinori."

"Yarabi! Bibi yako alikuwa na jini, mwanangu, na humu ndimo alimomlisha kila Alhamisi. Udi wake umempa maiti wa Kizungu?"

Akamfunika Tausi shuka nyeupe, akafukiza, akaita. Sauti iliyotoka kinywani mwa Tausi haikuwa ya Tausi.

"Vizazi vitatu nimewalea wanawake wa nyumba hii. Nani kanisimulia mie? Yule kanizidi nini, hata akae juu ya udi wangu?"

"Wataka nini?"

"Nami nisimuliwe."

"Utafukiziwa kila Alhamisi. Jumamosi mwachie mwenyewe Tausi. Umeridhia?"

Jini akanyamaza. Bi Zuwena, aliyezoea kusimamia wari wakiposwa, akahesabu kunyamaza ni kuridhia. Lakini jini si mwari, na haya hana.

Jumamosi sebule ilijaa, Bi Zuwena naye akiwa mbele. Jina la Bi Elinori likatoka safi, na Tausi akataka kulia kwa furaha. Halafu ulimi ukaenda wenyewe. Utoto wa Bi Elinori ukawa utoto gizani chini ya mizizi ya mikoko. Mapenzi yake yakawa ya kupenda watu ambao hufa upesi. Huzuni yake ikawa ya kuwazika wanawake watatu bila hata mmoja kumtaja jina. Mama Brightness alilia kwa kwikwi. Bi Zuwena akasahau tasbihi mapajani. Tausi, amefungiwa ndani ya mwili wake mwenyewe, alisikiliza kila neno, na kilichomchoma hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu. Miaka yote ile aliyosema yeye, hakuna aliyetoa hata chozi.

Watu walipotawanyika, mdomo ukawa wake tena. Luqmani alikuwa bado amekaa mkekani, macho mekundu. Akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini:

"Mke wangu, usinichukie. Jumamosi ijayo mwache aanze mapema."