Utepe wa Bibi Harusi Kwenye Boksi la Keki

Mtu mzima na akili zake aliingia mzimamzima kwenye nyuzi za Ghizlan, mfumaji wa tepe za kaftani, saa nne asubuhi, kichochoro cha mafundi wa Fez kikiwa kimefurika watu. Ghizlan alikuwa amezitandaza ukutani, hariri nyekundu, hatua ishirini kutoka msumari hadi msumari. Kila mpita njia aliinama au kujibana. Huyu alikuwa anaangalia simu.

"We baba! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani dada, samahani..."

Kadiri alivyojinasua ndivyo alivyozidi kujifunga.

"Simama kama nguzo! Ukikata hata uzi mmoja, nakusokota wewe."

Ilichukua robo saa kumnasua, uzi ukitolewa kwenye kifungo baada ya kifungo cha shati lake jeupe. Alipomaliza, Ghizlan alishajua kwamba anaitwa Munsif, kwamba anabuni maboksi kwenye kiwanda cha uchapaji mji mpya, na kwamba anatafuta utepe wa kaftani auchunguze.

"Nataka niuchore kwenye kompyuta, uonekane umefumwa kweli."

"Kompyuta ina vidole?"

"Haina. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ghizlan alijifanya anakohoa ili asicheke.

Toka siku hiyo simu ililia kila mchana.

"Roho yangu, uzi wa njano unapita juu au chini?"

"Juu ya mmoja, chini ya mmoja. Si nilikwambia jana?"

"Nimesahau makusudi, nipate sababu ya kupiga leo."

Wiki ya nne Ghizlan alimpa kipande cha utepe, urefu wa kidole, nyekundu na zafarani, kimefungwa ndani ya leso. "Kiweke karibu nawe," alimwambia, na mashavu yakamwaka.

Jumatano moja Lalla Batul, mwenye karakana, aliingia na boksi tupu la keki akalitupa mapajani mwa Ghizlan.

"Nieleze."

Boksi lilizungukwa na utepe uliochapwa, nyekundu na zafarani, vijicho vyenye umbo la almasi katikati, vivuli vimewekwa hadi unatamani kuufinya. Ulikuwa utepe wa kaftani ya harusi ya binti wa Hajja Khnata, mteja wao. Kwa Lalla Batul sheria ilikuwa moja: utepe wa bibi harusi hauonwi na mtu hadi siku anapotoka nao. Sherehe ya hina ilikuwa Jumamosi.

"Hajja kaletewa keki za wageni humo humo!" Lalla Batul alifoka. "Mji mzima unalamba vidole juu ya nguo ya binti yake! Nitajie mwizi, au acha ufunguo wa karakana mezani."

Ghizlan alipanda teksi anachemka. Alisukuma mlango wa kiwanda, jilbabu lake la kijani likipeperuka nyuma.

"Munsif! Simama!"

"Mpenzi, umekuja! Hebu tazama..."

"Mpenzi wako keki! Uliingia lini karakana yetu?"

Munsif aligeukia kompyuta yake. Kwenye skrini utepe ulikuwa mkubwa kama zulia. Alikuwa ameujenga uzi kwa uzi, kila makutano kwenye tabaka lake, uzi wa chini umekatwa ili uonekane unazama chini ya mwenzake, kisha kipande kikarudiwa hadi kikazunguka boksi.

"Wiki tatu nimekesha nao," alisema. "Na sijaingia kwenu hata mara moja. Ulinipa mwenyewe." Akatoa leso mfukoni.

Ghizlan akaketi. Kwa hasira alikuwa amekisahau: kilikuwa kipande cha majaribio cha utepe ule ule. Kwao kipande hicho hufumuliwa siku ile ile, uzi hadi uzi, kisitoke nje. Yeye hakukifumua, alikuwa na haraka, na alikuwa anapenda. Hasira iliyokuja na teksi ikageuka ikamtazama yeye mwenyewe.

"Basi sema niliiba," Munsif alisema taratibu. "Watanitukana, yataisha."

"Nyamaza! Unataka niwe fundi wa kujificha nyuma ya shati la mwanamume?"

"Nataka usifukuzwe, mwanamke mkaidi!"

"Na mimi nataka niweze kukutazama usoni, mwanamume mpumbavu!"

Wachapaji wakazima mashine ili wasikie vizuri.

Ghizlan akavuta kiti. "Fungua ukurasa mpya. Bibi harusi atapata utepe mwingine, fedha na waridi."

Waligombana mchana kutwa.

"Huo umepita juu mara mbili."

"Lakini unapendeza!"

"Unapendeza! Ukiuvuta unafumuka wote. Urudishe chini."

Alasiri utepe ulikuwa tayari, wa aina ambayo hakuna aliyewahi kuivaa. Ghizlan akanakili mpangilio wake kwenye karatasi, mstari kwa mstari.

"Sasa futa."

Munsif aliutazama tena. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Akafuta.

"Na kwenye kapu la taka."

Akalimwaga kapu.

Jioni ile Ghizlan alisimama mbele ya Lalla Batul na Hajja Khnata, akaweka ufunguo mezani.

"Hakuna mwizi. Kipande nilikitoa mimi, nikampa mwanamume."

"Mwanamume!" Hajja alipiga makofi. "Utepe wa mwanangu umekuwa barua ya mapenzi!"

Alimtukana hadi chai ikapoa. Ghizlan hakujitetea, alifungua karatasi tu. Lalla Batul aliifuata mstari kwa mstari kwa kidole.

"Una Alhamisi na Ijumaa," alisema.

Alifuma hadi vidole vikachanika.

Jumamosi mchana bibi harusi aliketi kwenye mito katika kaftani ya kijani, fedha na waridi zikimshuka kifuani, na vigelegele vikapasua dari. Hajja Khnata, aliyeapa kutomsalimia Ghizlan, alivuka ukumbi akamsukumia sahani ya pai ya njiwa.

"Kula, mtundu wewe."

Lalla Batul hakutabasamu. "Jumatatu uje. Mlango nitakuwa nafungua mimi." Ufunguo ulibaki mfukoni mwake.

Simu ikalia.

"Niko nje," Munsif alisema. "Nataka kuja kwenu na mama yangu."

"Kufanya nini?"

"Kuposa! Kufanya nini tena?"

"Usinipigie kelele! Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, na sitapoa hadi Jumanne."

"Basi tutakuja Jumatano."

Ghizlan aliibana simu kwa vidole vilivyofungwa bandeji.

"Baada ya sala ya alasiri," alisema. "Na usichelewe."