Sentensi Saba Zisizo na Chanzo

"Hanifa, kesho baada ya swala ya Ijumaa wanakuja kuchukua jibu lao. Baba yako atawaambia ndiyo. Una neno?"

Bi Saada alikuwa amesimama mlangoni mwa steshenari ya binti yake, karibu na soko la Singida mjini, kikapu mkononi. Hanifa aliendelea kupanga karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Hakujibu. Mama akatabasamu, akaenda zake sokoni, maana kwao kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake. Ulikuwa mwezi mzima tangu barua ya posa ya Abdulmajidi iletwe, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mwezi mzima huo Hanifa alikuwa kanyamaza. Nyumba nzima ilikuwa inashangilia kimya hicho.

Laiti wangejua. Abdulmajidi mwenyewe hakuwa na ila. Kijana wa duka la spea, mpole, msikiti haumpiti, hana makuu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, hakuwa Mansuri.

Sasa huyo Mansuri. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza kule Kinampanda, na huku anafundisha, huku anasomea shahada ya pili. Utafiti wake wote, sikiliza vizuri, ulikuwa juu ya kitenzi kimoja. Kimoja, wala si viwili. Beseech, yaani kumsihi mtu, kumwomba kwa moyo wote, neno ambalo wenye Kiingereza chao siku hizi ni nadra kulitamka nje ya sala na mashairi ya zamani. Mansuri alitaka kujua ni waandishi gani waliosema besought na ni wepi waliosema beseeched walipoeleza kusihi kulikokwisha pita. Mifano aliichimbua kwenye tamthilia, kwenye vitabu vya sala, na kwenye barua kuukuu alizozikuta sandukuni huko Kilimatinde. Kila mfano aliuandika kwenye kikadi chake, na chini ya mfano akaandika chanzo, yaani mwandishi, mwaka na ukurasa. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi kumletea Hanifa bahasha ya vikadi amchapie.

Umeme ukikatika, naye akakaa kusubiri, alimsimulia Hanifa habari za watu wa kwenye vikadi. Mjane aliyemsihi hakimu asimnyang'anye shamba. Askari aliyemsihi mama yake asilie. Hanifa akawa anamwomba Mungu umeme usirudi upesi. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki, lakini hawa wawili walikohoa kila mtu kwake. Mansuri hakusema, Hanifa akangoja.

Mwezi wa tano Mansuri akabadilika. Alikuwa akiingia, anaacha bahasha, anaondoka hata maji hajanywa. Posa ya Abdulmajidi ilipofika, Hanifa akajikaza, akamtumia ujumbe: "Mwalimu, nyumbani nimeletewa posa."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Hongera. Mungu awatangulie."

Basi. Siku hiyo Hanifa alifunga ofisi mapema, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Ndipo akaanza kunyamaza.

Sasa turudi Alhamisi ile. Mama alipokwisha kwenda sokoni, Hanifa alifungua barua pepe ya ofisi, kwani huko ndiko Mansuri alikotumiwa kazi yake na msimamizi wake wa chuo, Dakta Clement, mzee mkali asiye na masihara. Kazi ya kurasa themanini ilikuwa imerudi na maoni mekundu pembeni. Hanifa alikuwa aichapishe tu, Mansuri aje aichukue. Jicho lake likaangukia oni moja: "Mfano wa 41 hauna chanzo." Akashuka. "Mfano wa 88 hauna chanzo." Mifano ya namna hiyo ilikuwa saba. Na kwenye ule wa mwisho, Dakta Clement alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kama mtu aliyechoka: "Mwalimu, mifano hii saba umeitoa wapi? Na huyu H. ni nani?"

Hanifa akavuta kiti, akaketi.

Lazima nikwambie kitu kuhusu wachapaji. Mchapaji hodari hasomi. Macho yanaokota herufi, vidole vinaziweka, na kichwa chenyewe kiko nyumbani kinawaza mboga ya jioni. Hanifa alichapa mifano mia tatu na kumi ya kitenzi kile, na ungemwekea kisu shingoni asingekutajia hata mmoja. Siku ile ndiyo alisoma, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, neno moja moja, kamusi ya simu pembeni.

Wa arobaini na moja ulisema: nakusihi, H., unisikilize siku moja umeme usipokatika. Wa themanini na nane: nilikusihi mwezi jana, labda sauti yangu ilikuwa ndogo. Uliofuata: bado nakusihi, kama yule mjane mbele ya hakimu. Kitenzi kilipita katika sura zake zote, cha jana, cha leo, cha siku zote. Wa saba ulikuwa kwenye bahasha ya mwezi wa tano: nimekusihi mara sita, H., nawe umenichapa vizuri, ukanibana pini, ukanirudishia bila neno. Nimekuelewa. Sitakusihi tena.

Akapiga simu.

"Mwalimu, mifano saba haina chanzo," alisema.

"Umeisoma leo?" Mansuri akauliza.

"Leo. Dakika hii."

"Hanifa, mwezi wa tatu uliniambia kikadi cha kumi na nne nimekosea herufi. Nikasema huyu anasoma kila neno."

"Naona herufi, Mansuri. Maneno sisomi. Ningesoma maneno ningechapa kazi ngapi kwa siku?"

Alimsikia akishusha pumzi nzito, kama aliyetua gunia. Kisha akasema kwamba alidhani kimya cha Hanifa ni kukataa kwa heshima, na ndiyo maana akampa hongera. Hanifa akataka kucheka, akajikuta analia.

"Miezi mitatu unamsihi mtu kwa Kiingereza, katikati ya maneno ya watu waliokufa," akamwambia. "Kiswahili kilikushinda?"

"Niliogopa. Nimesoma mia tatu waliosihi, Hanifa. Wengi walikataliwa."

"Kesho baba anatoa jibu. Kama una neno, liseme sasa, na uliseme kwa lugha ambayo mama yangu ataielewa."

Halafu Mansuri akasema, taratibu, bila mbwembwe yoyote:

"Nakusihi, Hanifa, usiolewe na mtu mwingine. Nakupenda. Nataka uwe mke wangu."

"Basi kesho kabla ya swala uwe kwetu, na mtu mzima wa kukusemea. Mimi nakwenda kwa baba."

Mficha uchi hazai. Hanifa alifunga steshenari mchana kweupe, akaenda dukani kwa Mzee Kitwana, baba yake, auzaye mafuta ya alizeti. Alimkuta anajaza dumu. Akamwamkia shikamoo, akasubiri dumu lijae, akasema ana neno.

"Baba, Abdulmajidi sitaki kuolewa naye."

Mzee aliweka faneli chini. "Mwezi mzima ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu ninayempenda alikuwa hajasema. Nilikuwa namngoja yeye, baba, sikuwa nimekubali."

"Na sasa kasema?"

"Kasema. Ni mwalimu Mansuri. Kesho asubuhi anakuja."

Mzee Kitwana alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hanifa alijua kinachomuuma. Kumrudishia mtu posa ni aibu, na Abdulmajidi ni mtoto wa rafiki yake wa kuswali naye safu moja.

"Aibu ya leo ni ya siku moja," mzee akasema hatimaye. "Ningekuozesha kwa kimya ambacho sikukiuliza, hiyo ingekuwa ya maisha. Barua ya watu nitairudisha mwenyewe, kwa miguu yangu."

Akaenda jioni ileile. Wanasema Abdulmajidi aliinamisha kichwa kitambo, kisha akamshika mzee mkono akamshukuru kwa kuja mwenyewe, akasema heri amelijua leo. Nilikwambia, hakuwa na ila.

Ijumaa saa nne Mansuri akafika, kanzu imejaa vumbi la njia, na kando yake Mzee Mughwai, mwalimu mkuu wake, ambaye hakuwahi kuwa mshenga maishani na alikuwa anahema kuliko mwoaji. Mzee Mughwai alipoanza kusema wamekuja kuomba, Mzee Kitwana akainua mkono. Akamwita Hanifa atoke ndani.

"Safari hii sisomi kimya cha mtu," akasema. "Sema mbele ya mama yako."

"Nimekubali, baba," Hanifa akajibu, na Bi Saada akapiga kigelegele hata kabla hajamaliza.

Walifunga ndoa wiki nane baadaye. Jumatatu ya pili baada ya harusi, bibi harusi akiwa na hina bado mikononi, alikaa mbele ya kompyuta kumalizia masahihisho ya Dakta Clement. Mzee yule alikuwa hajalegeza kamba, alitaka mifano saba ionyeshwe chanzo au iondolewe. Mansuri aliona haya, akasema aifute tu.

Hanifa hakufuta. Safari hii alisoma kila neno, wa kwanza mpaka wa saba, polepole, midomo ikicheza. Kisha chini ya kila mmoja akachapa: Mansuri, barua kwa mkewe, Singida. Ilichelewa kusomwa.