Mwili Unapopashana Habari

Asubuhi hiyo cherehani ya Mama Pacha ilikuwa mbioni. Sketi sita za shule zilisubiri kupindwa. Mara akamsikia mumewe, mpiga rangi, akipekua kabati chumbani.

"Unatafuta nini, Baba Pacha? Si umeambiwa ulale?"

"Vile vidonge vya jino vilivyobaki. Mwili unawaka, mifupa inauma utadhani nimepigwa rungu!"

Jana yake walikwenda zahanati. Alipimwa, hakuwa na malaria. Waliambiwa ni mafua makali ya virusi. Alipewa dawa ya kushusha homa tu, akarudi amenuna.

Mama Pacha akasita. Mumewe alikuwa hoi kweli. Akampokonya vidonge, akatoka mbio hadi kwa jirani yao, dada anayefanya kazi maabara.

Jirani alivitazama mara moja tu, akaja naye.

"Shemeji, hizi ni antibiotiki. Zinaua bakteria. Virusi hazivigusi."

"Kwa hiyo mwili wangu unapigana peke yake?"

"Peke yake? Humo ndani hakulaliki! Virusi vikiingia kwenye seli, seli hiyo inatoa protini iitwayo interferoni. Huo ni ujumbe. Seli za karibu zikiupata, zinajiandaa ili virusi vikiingia vishindwe kuzaana."

"Na askari wa mwili je?" Mama Pacha akadakia, macho yamemtoka.

"Ujumbe unawafikia! Seli za kinga zinazoua seli zilizoingiwa na virusi zinapata nguvu. Nyingine zinabeba vipande vya virusi, zinawaonyesha wenzao: adui ndiye huyu! Nao hao wakishamtambua, wanatoa interferoni yao, kuzihimiza seli zinazomeza vijidudu."

Mama Pacha akapiga makofi. "Kumbe zinaongea! Baba Pacha, mwilini mwako kuna umbea kuliko saluni!"

Mgonjwa akacheka mpaka akakohoa. "Na haya maumivu?"

"Mengine yanaletwa na ujumbe huohuo. Ukiwa mwingi, homa inapanda na mwili unalegea. Kwa hiyo lala, kunywa maji mengi, meza dawa ya homa kama ulivyoelekezwa. Lakini ukipumua kwa shida, ukichanganyikiwa, au homa ikipita siku tatu, twende hospitali mara moja. Wakati mwingine mwili huzidiwa."

Mama Pacha alifungua madirisha. Pacha wakalala chumba kingine. Kila saa alimpelekea mumewe maji, akimchungulia na kumuuliza, "Enhe, wamefikia wapi huko ndani?"

Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya sita Baba Pacha alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, akiimba ovyo. Vidonge vilivyobaki vilirudishwa duka la dawa.

Tangu hapo hakuna mteja aliyepimwa nguo bila kusimuliwa habari za interferoni. Mmoja, pua zinamchuruzika, aliuliza kwa hamu, "Hizo nitazipata wapi, fundi?"

"Unazo mwenyewe, mama!" Mama Pacha akamjibu, akikunja futi yake. "Kalale, uziache zifanye kazi!"