Konokono wa Daraja la Kinu

Kila Alhamisi Fundi Mitwalli alirudi kijijini Kafr Shusha na gunia la vitabu begani. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika chuo kikuu cha mjini, na kazi iliyomzidi aliimalizia sebuleni, ndiyo maana nyumba yao ilinuka gundi hata sikukuu ya Idi. Vitabu vyenyewe vilikuwa majarida ya utafiti wa maprofesa: pamba, mirathi, meno, mashairi ya kale, vyote vimebanwa pamoja kama biringanya za achari. Binti yake Rawya, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na hakika kwamba wasomaji wa majarida hayo ni watatu tu: aliyeandika, aliyechapa na panya.

Basi shule ilipotangaza shindano la sayansi, zawadi ikiwa wiki nzima ufukweni Iskandaria, Rawya hakuhangaika. Alifungua jarida moja, akaona makala yenye majedwali mengi, akaanza kuinakili kwa mwandiko wa kupendeza. Jina la mwandishi aliliruka, akaweka lake.

Mdogo wake Hamdi, wa miaka tisa, aliingia nywele zikichuruzika maji ya mfereji wa daraja la kinu.

"Unaandika nini?"

"Mambo ya wakubwa."

"Na mimi ni mkubwa. Leo tena nimekojoa damu. Shaaban, yule mkubwa tunayeoga naye, anasema ndiyo uanaume unaanza."

"Uanaume gani, na wewe ukipanda ngazi mbili unahema kama punda?" Rawya alicheka, kalamu ikiendelea kukimbia. Pale kijijini wavulana wengi walikojoa damu. Baba yao naye alipitia hayo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Siku ya shindano, jaji alitoka chuo kikuu. Alikuwa Daktari Inshirah, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alilisoma daftari la Rawya, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Konokono hawa umewahesabu mwenyewe?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mia mbili na kumi. Uliwapata wapi?"

"Hapo... kwenye jedwali."

"Hebu nisomee, kwa sauti."

Rawya akasoma. "Kituo cha nne: chini ya daraja la kinu, Kafr Shusha. Konokono wa hapa hubeba minyoo ya kichocho, ambayo humpenya anayeoga." Sauti ikaanza kufifia. "Katika wavulana ishirini waliopimwa, kumi na saba wana kichocho. Dalili yake ni mkojo wenye damu."

Aliyaandika yote kwa mkono wake, na ndiyo kwanza anayasoma.

"Konokono hao niliwaokota mimi," alisema Daktari Inshirah. "Siku arobaini ndani ya matope, miaka sita iliyopita. Watoto bado wanaoga pale?"

"Mdogo wangu anaoga pale. Anakojoa damu." Rawya aliinama. "Nilimcheka."

Iskandaria hakwenda. Alikwenda zahanati, yeye na baba yake na Hamdi na Daktari Inshirah, na wavulana wote wa daraja la kinu nyuma yao. Hamdi alipimwa uzito, akapewa vidonge, akaambiwa atapona. Shaaban alikuwa na miaka kumi na saba. Vidonge vingeua minyoo, lakini kibofu chake kilikuwa kimekwisha haribika. Alikaa kwenye benchi na barua ya kwenda hospitali kubwa, akiikunja na kuikunjua.

Fundi Mitwalli alilipindua lile jarida mikononi. "Nimelishona mimi hili," akasema. "Mara mbili."

"Na mimi nililiandika, nikaliacha kwenye rafu," Daktari Inshirah akajibu. "Sikurudi huku kuwaambia. Nilidhani nikishachapisha nimemaliza." Akamgeukia Rawya. "Wewe umeiba, na kesho utasimama mbele ya shule ukiri. Lakini hata mwizi hutazama alichoiba. Kazi ya mtu isome mpaka uielewe, mtaje aliyeifanya, kisha uitumie kusaidia watu. Sote watatu tuliishika hii. Angeifungua mmoja wetu mapema, huyu kijana asingekuwa na barua ile."

Shaaban aliwasikia. Hakuinua kichwa.