Upindo wa Vidole Vinne

Foleni ya dirisha la malipo ilikuwa imejikunja mara mbili, na kila mtu hapo hospitalini alikuwa na haraka isipokuwa keshia. Mshonaji alikuwa amefuata malipo ya sare za wauguzi. Alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, futi kamba ikining'inia shingoni kwa mazoea. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, mikono ya ovaroli yake imejaa matundu.

"Kaka, hiyo nguo imeliwa na panya?"

Mwanamume akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitabasamu. "Cheche za moto. Nachomelea vyuma."

"Ilete kibandani kwangu, ng'ambo ya lango. Niitie viraka kabla haijakuacha uchi mbele za watu."

"Na mwenye nguo, naye unamtia viraka?"

"Inategemea amechanika wapi."

Basi akawa Cheche tangu siku hiyo. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti wa miaka saba aliyelelewa na bibi yake. Mtoto huyo alikuwa amelazwa kwa saratani ya damu, na wodi nzima ilimwita Bosi kwa jinsi alivyowaamrisha hata madaktari. Mapenzi yakaingia kwenye viraka, taratibu, yakakaa. Bosi akapata nafuu, nywele zikaota, akarudi shule, na Mshonaji ndiye aliyemshonea sare. Cheche alipoipindua akashangaa kuona kitambaa kingi kimekunjwa kwa chini.

"Huo ni upindo," Mshonaji alimwambia. "Vidole vinne, akirefuka tunafumua. Fundi asiyemwachia mtoto upindo ameshamkatia tamaa."

Alisema hivyo akicheka. Mdomo uliponza kichwa, ila siku ile hakujua.

Mwaka haukuisha, ugonjwa ukarudi. Safari hii dawa zilikuwa nyingine, kali zaidi na ghali zaidi. Cheche akachukua kazi ya kuchomelea matangi mji wa mbali. Mshonaji naye akapokea mashuka ya hoteli juu ya kazi zake, na kila alichopata Ijumaa kiliishia kwenye dirisha lile lile. Hapo ndipo shida inapokuwa katili: anayemtafutia mtoto dawa ndiye anayekosa nafasi ya kumshika mkono. Kwa hiyo jioni alikwenda Mshonaji kukaa kitandani kwa Bosi, na simu ikawa ndiyo baba.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Sauti yako ina njaa."

"Nimetuma ya dawa. Bosi vipi?"

"Leo kamfukuza daktari. Anataka sare mpya, ile imechakaa."

"Mshonee. Na mwambie akikua nampandisha ndege."

Cheche akapata ruhusa ya siku moja. Alimkuta Bosi amelala na sare mpya imetundikwa kwenye chuma cha kitanda, marinda yamenyooka. Akaishika, akaipindua chini. Palikuwa na mshono mwembamba tu.

"Upindo uko wapi?"

"Sikuuacha," Mshonaji alisema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha maana yake."

"Sivyo unavyodhani."

"Ni vipi, basi?"

Mshonaji alimtazama mtoto, akakumbuka ahadi aliyompa. "Siwezi kukwambia."

"Mimi nababuka na moto huko, kumbe wewe huku umeshamzika."

Akaondoka bila kuaga. Wiki mbili hakupokea simu, na hela akawa anamtumia bibi. Mshonaji aliumia, tena sana. Alishona mashuka huku machozi yakidondokea kitambaa cha watu. Lakini kila jioni alivuka barabara kwenda wodini, maana mtoto hakugombana na mtu.

"Mbona baba hakupigii?" Bosi aliuliza. "Ni ile sare, eti? Sikuwa nimelala."

Akamwomba bibi simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila amri ilikuwa ile ile.

"Baba, mimi ndiye niliyemkataza kuacha upindo. Wewe kila kitu ni nikikua. Ndege nikikua, baiskeli nikikua. Nilitaka kitu kimoja kinitoshe sasa hivi. Nikamwambia asikwambie, kwa sababu utalia."

Upande wa pili zilisikika nyundo tu, vyuma vikigongwa kwa mbali. Alikuwa analia kweli.

Kesho yake jioni Cheche alifika na ovaroli yake, vumbi la safari hadi kwenye kope. Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwambia bibi kwamba dawa haijashika, itajaribiwa nyingine, na baada ya hiyo hana ahadi. Bosi alikuwa amekaa kitandani ndani ya sare yake. Sare iliyomkaa sawasawa juzi juzi sasa ilimpwaya kama ya dada yake mkubwa.

Cheche akapiga magoti kati ya kitanda na stuli ya Mshonaji.

"Nilitafuta wa kumlaumu, nikakukuta wewe uliye karibu. Nisamehe."

"Ungeniuliza mara ya pili, labda ningesema."

"Nataka tuwe nyumba moja," alisema polepole. "Sijui itakuwa ya watu wangapi."

Mshonaji akachukua pini zake. Aliogopa, na hakuficha. "Nimekubali. Tena hata kama ungekuja na watu kumi. Sasa acha kulia, nishikie hapa."

Akampa kiuno cha sare akibane kwa vidole, akachomeka pini, kisha wakamvua mtoto na kumfunika shuka. Mshonaji akatunga uzi kwenye sindano ya mkono. Cheche alikitazama kitambaa kilichozidi.

"Hicho unakikata?"

"Sikikati. Nakikunjia ndani. Viwili huku, viwili huku." Akavuta uzi. "Akinenepa tunafumua."

Cheche akahesabu vidole vyake vinne juu ya kitambaa.

"Fanyeni haraka," Bosi alisema kutoka ndani ya shuka. "Nataka kuivaa leo."