Madoa Kwenye Tangi la Achari

Kila Jumamosi asubuhi, kazi yangu nyumbani ilikuwa kuosha tangi la achari. Hapa Kwamndolwa, mama yangu, Bi Hamisa, na mama mdogo Rukaya hutengeneza achari ya maembe. Maembe huletwa kwa pikipiki kutoka kwa babu, kijijini Kwamsisi, kule Handeni. Hukatwa, yakalowekwa siku tatu kwenye maji ya chumvi na ndimu, ndipo yakaanikwa.

Tangi lilitengenezwa na Fundi Habakuki, mchomeleaji wa mtaani kwetu. Ni baba yake Yuditha, ninayekaa naye dawati moja darasa la sita. Wao ni watu wa Mpale, kule milimani. Walishuka huku kwa ajili ya karakana anayoipanga hapa mtaani. Siku alipotuletea tangi, fundi alitufundisha kama yuko darasani. Alisema stenlesi si moja. Zote ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, ambayo hukipa chuma ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia kutu. Iko ya bei nafuu, ya vijiko na vifuniko. Hiyo, sumaku huing'ang'ania, na chumvi ikikaa sana huila. Iko iliyoongezwa nikeli, ya masinki na birika. Hiyo, sumaku haiishiki, nayo huvumilia zaidi. Ya tatu imeongezwa pia madini yaitwayo molibdeni, na ndiyo inayohimili chumvi kuliko zote mbili. Tangi letu lilikuwa la hiyo ya tatu. Akatuonya tusilisugue kwa stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Tuloweke kwa maji ya moto, tuoshe kwa sponji, tusuuze.

Nilimsikia vizuri. Masikio yangu hayana tatizo. Tatizo ni uvivu. Jumamosi moja tulikuwa na mechi ya mpira wa pete, na chumvi ilikuwa imegandia chini ya tangi. Nikiloweka, nitafika uwanjani saa ngapi? Nikachukua stilwaya, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Tangi liling'aa mpaka nikauona uso wangu. Mama alinisifu mbele ya mama mdogo, nami nikatoka mbio.

Maembe mapya yakalowekwa. Siku ya tatu mama alifunua tangi. Madoa ya kahawia yalikuwa yametapakaa ndani, na vipande vya embe vimeshika rangi ya kutu. Ulikuwa mzigo wa mwisho wa msimu, nao ulikwishaahidiwa duka moja la mjini. Wote ulimwagwa. Mama alikaa kwenye kigoda akalia bila sauti, nami sikuwahi kumwona mama yangu akilia.

Mama mdogo alitafuta sumaku, akaipitisha kwenye tangi. Kwenye bati ilidondoka, lakini kwenye maungio ikashika kidogo. Kwake hiyo ilitosha. Akasema fundi ametuuzia chuma cha vijiko, na kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima.

Mimi nilijua. Tangu nilipoyaona yale madoa nilijua. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho ikawa keshokutwa. Fundi alikuja kuomba alione tangi, mama akamfungia mlango. Wateja wakaanza kuchukua mageti yao kabla hayajakamilika. Asubuhi moja Yuditha alikuja shule bila daftari hata moja. Aliniambia kwamba mwenye karakana hataki tapeli kwenye jengo lake, amempa baba yake hadi Ijumaa awe ametoka, na wao wanarudi Mpale.

"Baba hali chakula," alisema huku analia. "Anasema hajui alikosea wapi."

Siku ile sikusikia neno lolote la mwalimu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama na mama mdogo wakipanga kumshtaki fundi ofisi ya kata. Nikapiga magoti.

"Mama, ni mimi. Nilisugua kwa stilwaya."

Mama hakunipiga. Ningependelea anipige. Alinishika mkono hadi karakana, tukamkuta fundi akifunga vifaa vyake kwenye gunia. Nikarudia yote mbele yake. Akakaa chini kwanza. Kisha akauliza kama tuna ndimu nyumbani.

Tulipofika nyumbani alikata ndimu mbili, akasugua doa kwa kitambaa laini, akaacha kidogo, akasuuza. Doa likatoka. Akapitisha ukucha, hapakuwa na shimo. Akaeleza kwamba stilwaya ni chuma cha kawaida; chembe zake zilibaki kwenye mikwaruzo, na hizo ndizo zilizoota kutu. Tangi lenyewe ni zima, na ngozi yake itajirudisha ikipata hewa. Na sumaku je? Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kidogo, ndiyo maana ilishika kwenye maungio tu. Mama mdogo akainamisha kichwa. Mama akamwomba fundi msamaha.

Nikadhani yamekwisha. Nikachukua kitambaa nimalizie madoa yaliyobaki, fundi akakitoa mkononi mwangu taratibu.

"Tangi linasafishika kwa ndimu, mwanangu," alisema. "Jina langu halisafishiki hivyo. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako."

Mama akajifunga khanga, tukatoka. Tulianza na mwenye karakana, ambaye alinisikiliza, kisha akaagiza fundi arudishe vifaa vyake ndani. Tukaendelea nyumba kwa nyumba. Kila mlango nilipiga hodi, nikatoa shikamoo, nikasema ni mimi. Mama alisimama nyuma yangu, hakunisaidia hata neno. Ilituchukua siku mbili.

Mlango wa mwisho ulifunguliwa na Yuditha. Alikuwa ameshasikia. Aliniuliza jambo moja tu: kwa nini sikumwambia asubuhi ile, alipokuwa akilia kando yangu?